Kiyoyozi hakipozi? Pima kwanza, gesi baadaye

Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inageuka kimiminika, inarudi kuwa mvuke, na mashine isiyovuja inaweza kuzeeka hadi kutupwa ikiwa bado na gramu zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Kwa hiyo fundi anayefika na mtungi begani na kutamka "gesi imeisha" kabla hajafungua hata kifuniko cha filta anabahatisha. Akipatia, bado hajasema gesi ilipitia wapi. Akikosea, anaijaza kupita kiasi mashine iliyokuwa na uchafu tu, na kompresa, pampu inayosukuma gesi, ndiyo inayolipa.

Mwongozo huu unahusu zaidi mashine za ukutani za BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 hadi 24,000, zile zilizojaa maofisini, kliniki na vyumba vya wageni kuanzia Mombasa hadi Mtwara. Mwishoni tunagusa majengo yenye chila, yaani mtambo mkubwa unaopoza maji yanayozungushwa jengo zima. Mpangilio ni uleule kwa zote: hewa kwanza, umeme wa pili, gesi ya mwisho. Sababu yake ni kwamba vipimo vya gesi havisomeki kama hewa haipiti vizuri au volti ziko chini.

Vifaa: klampu mita ya kupima ampea, multimita inayopima kapasita (kifaa kinachotunza chaji na kusaidia mota kuanza), vipimajoto viwili (kimoja cha hewa, kingine cha kubana kwenye bomba), geji za shinikizo za gesi husika, mizani ya mtungi na chupa ya maji ya sabuni. Kipimajoto cha mwali wa kuelekeza kwa mbali usikitegemee kwenye shaba inayong'aa, kwa sababu kinasoma vibaya. Ukilazimika kukitumia, zungushia bomba mkanda mweusi wa umeme kisha upime juu ya mkanda.

Hewa

Kabla ya chochote, tazama rimoti. Malalamiko mengi huishia hapo: mtu ameiweka kwenye alama ya feni, au kwenye alama ya tone la maji, akidhani yuko kwenye ubaridi. Weka ubaridi, nyuzi 16 au 17, feni kasi ya juu, madirisha yafungwe, kisha acha mashine ifanye kazi dakika 15 hadi 20.

Pima joto la hewa inayoingia juu ya mashine ya ndani na ya ile inayotoka mdomoni. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi ni ya kawaida. Pwani, chumba kikiwa na unyevu mwingi, tofauti ya 8 au 9 isikutishe, maana sehemu kubwa ya nguvu ya mashine inatumika kukamua maji hewani. Tazama bomba la dreni: likimwaga maji kwa kasi na tofauti ikawa 8, mashine inafanya kazi yake. Pima tena baada ya saa moja, chumba kikishakauka.

Tofauti ikiwa kubwa sana, tuseme 15 na zaidi, na chumba bado kina joto, hewa inayopita ni kidogo. Osha filta, halafu mulika tochi ndani ya mdomo wa mashine utazame feni ndefu ya mviringo. Mapezi yake madogo yakishajaa vumbi lililogandamana na ukungu, yanapoteza umbo na hayasukumi hewa tena, hata kama yanazunguka kwa kasi ileile. Hapa ndipo usafi wa "kupuliza na blowa" unaposhindwa: filta inang'aa, koili (mabomba ya gesi yenye mapezi ya alumini) inang'aa, lakini feni haijaguswa. Inabidi itolewe ikaoshwe, au ioshwe palepale kwa pampu na mfuko wa kukinga maji.

Tofauti ikiwa nzuri, upepo ukiwa mzuri, na chumba bado hakipoi, mashine haina ugonjwa. Mashine ya BTU 12,000 inaondoa joto la takriban kilowati 3.5. Chumba chenye ukuta wa kioo unaotazama magharibi, dari iliyo chini ya mabati bila kizuizi cha joto, na mlango unaofunguliwa kila dakika kinaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Hapo hakuna hitilafu ya kurekebisha, kuna hesabu iliyokosewa siku ya kununua. Mwambie mwenye jengo ukweli huo, ingawa yeye angependa kusikia habari ya gesi.

Nenda nje. Koili ya nje ikiziba, joto halitoki, shinikizo linapanda, na kompresa inajizima kwa joto lake yenyewe. Dalili yake ni malalamiko ya mchana tu: asubuhi baridi safi, saa nane mchana hewa ya moto, saa mbili usiku baridi tena. Pima joto la hewa inayoingia nyuma ya mashine ya nje ukalinganishe na la kivulini hatua chache pembeni. Hewa inayoingia ikizidi kwa nyuzi 4 au 5, mashine inavuta joto lake yenyewe au la jirani yake. Hutokea sana pale mashine kumi zinapopangwa kwenye kishimo kimoja cha jengo, au zinapofichwa nyuma ya vipande vya mbao ili jengo lipendeze. Kuosha hakutasaidia hapo. Kinachohitajika ni nafasi.

Karibu na bahari kuna tatizo jingine. Chumvi inakula mapezi ya alumini hadi yanakuwa unga, na koili inayoonekana safi kwa mbali inabomoka ukiigusa. Mapezi yaliyokufa hayatoi joto kwenye shaba hata yaoshwe mara ngapi. Mashine zilizo mbele ya ufuo zioshwe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) kila mwezi, bila presha kali, na unaponunua chagua koili yenye mipako ya kuzuia kutu.

Umeme

Zima breka, hakikisha kwa tasta kwamba hakuna umeme, toa chaji ya kapasita kwa kizuizi cha umeme (rezista) chenye mpini uliokingwa, ndipo uguse ndani.

Volti hupimwa kwenye vituo vya mashine kompresa ikiwa inazunguka. Ukipima mashine ikiwa imezimwa utasoma 230 nzuri na hutajifunza kitu. Kwenye mfumo wa volti 230, ukisoma chini ya 207 kompresa iko hatarini: inavuma, inapata joto, inajizima. Linganisha na volti kwenye breka wakati huohuo. Zikipungua zaidi ya 7 kati ya breka na mashine, tatizo liko ndani ya jengo: waya mwembamba, kituo kilicholegea, au swichi iliyoungua ndani. Zikiwa chini tayari kwenye breka, basi ni laini ya nje au mzigo wa jengo zima.

Kisha ampea. Soma bamba la mashine. Ya BTU 12,000 isiyo na inveta (bodi inayobadilisha mwendo wa kompresa) kwa kawaida huvuta kati ya 4.5 na 5.5. Ampea zikiwa chini sana na ubaridi hafifu, kompresa haina mzigo: ama gesi ni pungufu, ama valvu zake za ndani zimechoka. Zikiwa juu, tafuta koili chafu ya nje, gesi iliyozidi, volti za chini au kapasita iliyochoka.

Kapasita ndiyo inayokufa mara nyingi kuliko kitu kingine katika mashine zisizo na inveta, na ndiyo ya bei ndogo. Ya kompresa huwa mikrofaradi 25 hadi 50, ya feni 1.5 hadi 3. Itoe, ipime. Iliyoandikwa 35 ikisoma 31, badilisha, hata kama mashine bado inawaka. Iliyovimba kichwani haihitaji kupimwa. Weka yenye mikrofaradi zilezile na volti zilezile au za juu zaidi. Kuongeza mikrofaradi "ili iwe na nguvu" kunachoma waya wa kuanzia.

Kompresa isipoanza kabisa, toa nyaya zake tatu upime ukinzani kati ya vituo C (cha pamoja), R (cha kuzungukia) na S (cha kuanzia). Usomaji wa R hadi S lazima uwe jumla ya mbili nyingine. Mfano: C hadi R ni omu 1.8, C hadi S ni 2.8, basi R hadi S iwe 4.6. Sasa zingatia hili, kwa sababu kompresa nyingi nzima hutupwa hapa: ukipata R hadi S inasoma sawasawa, lakini C haisomi na yeyote, na mwili wa kompresa ni wa moto, waya haujakatika. Kinga ya joto ya ndani imefunguka. Iache ipoe, wakati mwingine saa mbili au tatu, kisha pima tena. Ikijifunga, kazi yako ni kutafuta kilichoipasha moto, si kuagiza kompresa mpya. Mwisho pima kila kituo dhidi ya bomba la shaba kwa mita ya insulesheni ya volti 500. Chini ya megaomu 1 ni dalili mbaya. Usipime hivyo mfumo ukiwa kwenye vakyumu (umenyonywa hewa yote), utaunguza waya.

Mijusi na sisimizi nao wamo kwenye orodha. Sisimizi wakijaa kati ya meno ya kontakta (swichi inayowasha kompresa), mashine haiwaki, na kila kipimo kingine kinakuwa kizuri. Angalia kwa macho kabla ya kushuku bodi.

Gesi

Shinikizo peke yake halisemi kitu. Linasema jambo pale linapowekwa pamoja na joto la bomba. Soma geji, tafuta kwenye jedwali la gesi hiyo joto la kuchemka kwa shinikizo hilo, kisha ulitoe kwenye joto halisi la bomba nene linalorudi kwenye kompresa. Tofauti hiyo mafundi huiita supahiti. Mfano kwa gesi ya aina ya R410A: geji inasoma psi 130, jedwali linasema nyuzi 7, bomba linasoma 13. Supahiti ni 6, na hiyo ni nzuri. Kwa gesi ya zamani, R22, joto hilohilo la nyuzi 7 liko kwenye psi 76 hivi. Ndiyo sababu anayezoea mashine za zamani akiona 130 hudhani gesi imezidi. Gesi ya R32 iko karibu sana na R410A.

Upande wa shinikizo la juu kuna kipimo cha pili, sabukulingi: joto la kugeuka kimiminika kwa mujibu wa geji, toa joto la bomba jembamba linapotoka kwenye koili ya nje. Kati ya 5 na 8 ni kawaida. Vipimo hivi viwili vikikaa pamoja vinatenganisha magonjwa:

- Shinikizo la chini liko chini, supahiti kubwa, sabukulingi ndogo: gesi ni pungufu. Kuna mahali inavuja.
- Shinikizo la chini liko chini, supahiti kubwa, sabukulingi kubwa: kuna kizuizi. Kapilari (kibomba chembamba sana kinachoshusha shinikizo la gesi) au filta ya ndani imeziba, na kimiminika kimerundikana nyuma yake. Ukiongeza gesi hapa unaharibu zaidi.
- Shinikizo la chini liko chini, supahiti ndogo: hewa haipiti ndani. Rudi kwenye filta na feni.
- Shinikizo la juu liko juu, sabukulingi kubwa: gesi imezidi. Ikiwa sabukulingi ni ya kawaida, koili ya nje haitoi joto.
- La chini liko juu, la juu liko chini, ampea ndogo: kompresa haisukumi tena.

Kuna kikwazo ambacho vitabu vingi havikitaji. Kwenye mashine ndogo za ukutani kapilari iko kwenye mashine ya nje, na mlango wa geji ni mmoja tu, wa bomba nene. Bomba jembamba unaloliona ukutani tayari lina gesi iliyopozwa, ndiyo maana nalo hutoa jasho. Sabukulingi yake huwezi kuipata hapo. Fungua mfuniko wa nje, ubane kipimajoto kwenye mwisho wa koili kabla ya kapilari, na shinikizo la juu ulikadirie kwa kupima joto katikati ya koili, mahali gesi inapogeuka. Ni makadirio, lakini yanatosha kutofautisha uvujaji na kizuizi.

Barafu nayo inasomeka. Ikianza kwenye bomba jembamba na kushika pembe moja ya koili ya ndani huku sehemu nyingine ikiwa kavu na ya moto, gesi ni pungufu. Ikifunika koili nzima sawasawa, ni hewa. Katika hali zote mbili iyeyushe kwanza kwa feni peke yake. Kipimo cha geji juu ya barafu ni cha kupoteza muda.

Njia ya uhakika kuliko zote kwa mashine ndogo ni mizani. Ukishaziba uvujaji, toa gesi yote kwenye mtungi wa kurejeshea, vuta vakyumu, kisha jaza gramu zilizoandikwa kwenye bamba, ukiongeza za urefu wa bomba kama mtengenezaji alivyoelekeza. Kwa bomba jembamba la robo inchi mara nyingi ni gramu 15 hadi 20 kwa kila mita inayozidi urefu wa kawaida. R410A ijazwe ikiwa kimiminika, kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi mbili.

Mtungi wenyewe nao upimwe. R22 inaondolewa sokoni kwa Itifaki ya Montreal (mkataba wa kulinda tabaka la ozoni), ambayo kwa nchi zinazoendelea inafikia ukingoni 2030, na mitungi iliyochakachuliwa ipo. Uache kivulini usiku kucha, upime joto lake na shinikizo lake asubuhi. Kwa nyuzi 28, R22 halisi husoma takriban psi 150 na R410A takriban 245. Ikipishana sana na jedwali, usiiweke kwenye mashine ya mtu.

Kutafuta uvujaji

Anza kwenye nati za kuungia mabomba, ndani na nje. Doa la mafuta lenye vumbi ni ushahidi tosha. Nati nyingi huvuja kwa sababu zilikazwa kwa hisia ya mkono: ya robo inchi inahitaji nyutoni mita 14 hadi 18, ya inchi 3/8 inahitaji 34 hadi 42, ya nusu inchi 49 hadi 61. Ikizidi, mdomo wa shaba unapasuka, na kadiri unavyokaza ndivyo unavyovuja.

Kama sabuni haioneshi, toa gesi, jaza naitrojeni kavu kupitia regyuleta hadi psi 400 kwa R410A, bila kuvuka kiwango cha bamba, uiache hadi kesho. Andika joto la hewa ulipoanza: likishuka nyuzi 6 usiku, geji itashuka kama psi 8 bila uvujaji wowote. Ikishuka zaidi, tenganisha mashine ya ndani, ya nje na mabomba upime kila kipande peke yake. Oksijeni ni marufuku hapa, na hewa ya kompresa ya matairi pia: ikikutana na mafuta ndani ya mfumo inaweza kulipuka. Kwenye R32, ambayo inaweza kushika moto, fungua madirisha, na usiwashe tochi ya kuchomea kabla mfumo haujatolewa gesi na kupulizwa naitrojeni.

Koili ya ndani inayovuja kwa vitundu visivyoonekana kwa macho, mashine ikiwa na miaka michache tu, mara nyingi imeliwa na asidi hafifu kutoka kwenye dawa za usafi, gundi au mbao mpya za chumba. Usihangaike kuziba; kitundu cha pili kiko njiani. Badilisha koili.

Vakyumu ifike mikroni 500 kwa kipimo cha kielektroniki, kisha funga pampu usubiri dakika 10. Ikipanda na kutulia chini ya 1,000, sawa. Ikipanda na kutulia juu ya hapo, kuna maji ndani. Ikipanda bila kutulia, bado inavuja. Geji za kawaida haziwezi kuonesha tofauti hii.

Inveta

Hapa ampea ndogo si ugonjwa, mashine inapunguza mwendo yenyewe. Iweke kwenye hali ya majaribio ili kompresa izunguke kwa mwendo mmoja, ndipo upime. Namba ya hitilafu inayowaka isomwe kwenye kitabu cha modeli hiyohiyo; E1 ya kampuni moja si E1 ya nyingine. Na namba inataja saketi iliyolalamika, si lazima kifaa kilichoharibika. Ikitaja sensa, chomoa sensa uipime: nyingi ni kiloomu 10 kwa nyuzi 25, karibu 20 kwa nyuzi 10, lakini zipo za 5, 15 na 20. Ikisoma vizuri, angalia plagi yake ilivyoshika kutu kabla ya kulaumu bodi. Ikitaja mawasiliano, kagua waya wa kati ya ndani na nje, hasa ulipoungwa kwa mkanda njiani. Kompresa ya inveta ina vituo vitatu vyenye ukinzani sawa. Kapasita kubwa za bodi hubaki na volti 310 au zaidi baada ya kuzima. Subiri dakika 10, pima, ndipo uguse.

Maji yanayodondoka ndani yana sababu chache: utelezi uliojaa kwenye dreni, mteremko chini ya sentimita moja kwa mita, au barafu inayoyeyuka. Ya tatu ni suala la gesi au hewa, kwa hiyo kuzibua bomba tu hakutaimaliza.

Majengo yenye chila

Kipimo cha kwanza ni tofauti ya joto kati ya maji yanayotoka kwenye chila na yanayorudi. Mifumo mingi imesanifiwa maji yatoke na nyuzi 7, yarudi na 12. Kilowati ni lita kwa sekunde mara tofauti ya joto mara 4.19. Mzigo wa kilowati 352, yaani tani 100 za kupoza, kwa tofauti ya 5.5 unahitaji lita 15.3 kwa sekunde. Tofauti ikishuka hadi 3 unahitaji 28. Pampu ya pili inawashwa, umeme unaliwa, na jengo haliongezeki ubaridi. Chanzo mara nyingi si chila. Ni valvu zisizofunga kwenye mashine zinazopuliza hewa vyumbani, koili chafu, au kiwango cha joto kilichoshushwa mno na mtu aliyechoka kupigiwa simu.

Kama jengo lina mfumo wa kompyuta wa kusimamia mitambo, kanuni tatu rahisi zitakuonesha hitilafu kabla ya malalamiko. Valvu ya maji baridi iko asilimia 0 na hewa inayotoka ni baridi kuliko inayoingia kwa zaidi ya nyuzi 2: valvu inapitisha. Valvu iko asilimia 100 kwa nusu saa na hewa haifikii kiwango kilichowekwa: koili, maji au filta. Sensa mbili za hewa moja, feni ikizunguka na valvu imefungwa, zinatofautiana kwa zaidi ya 1.5: moja inadanganya, ipime kwa kipimajoto cha mkononi kabla ya kuamini kanuni mbili za kwanza. Ongeza kidogo joto linaloletwa na mota ya feni, kwa kawaida nyuzi moja hivi, ama sivyo kanuni ya kwanza itakuficha valvu inayovuja kidogo.